Barakoa za kushona nyumbani: aliyezilaumu amepatia nusu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nimjibu mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita kwamba barakoa za kitambaa tulizoshona majumbani wakati wa korona zilikuwa "pambo la uso tu", na kwamba tuliozishona tulipoteza uzi wetu na kuwadanganya wenzetu. Mimi sikukasirika. Aliyekasirika ni mume wangu, ambaye wakati ule alinikatia vitambaa usiku kucha hadi kidole gumba kikaota sugu. Alitaka nijibu siku ileile. Nikamwambia angoje kwanza nifungue kabati.

Kabatini kuna daftari. Nimekuwa fundi cherehani kwa miaka 31, na kila ninachoshona nakiandika: cha nani, vipimo gani, kimechukuliwa lini. Kwa hiyo hata barakoa niliziandika, tangu wiki ya mwisho ya Machi 2020 hadi nilipoacha, jumla 1,164. Ukifungua kurasa za mwanzo utaona neno moja limeandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu, likirudiwa ukurasa hadi ukurasa: mbovu, mbovu, mbovu. Barakoa 120 za kwanza zote zina alama hiyo. Mficha uchi hazai, basi nianze na hizo, maana nadhani ndizo alizoziona mwandishi wa barua ile, na kwa hizo ana haki yake.

Mtakumbuka hali ilivyokuwa. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba korona imekuwa janga la dunia. Barakoa za hospitali ziliadimika, nasi watu wa kawaida tukaambiwa tuwaachie madaktari na wauguzi. Mdogo wangu ni muuguzi. Alinipigia simu usiku mmoja akitoka zamu, sauti imekauka, akaniambia barakoa aliyovaa siku ile ndiyo ya jana, aliianika tu kwenye msumari. "Dada, wewe una cherehani," akasema. "Washonee hao wa nje, hizi chache zitubakie sisi."

Sikusubiri asubuhi. Nilichukua fulana kuukuu za watoto nikaanza kukata. Sasa, fulana hufumwa kwa vitanzi, haina mtande na mshindio kama shuka, na ukiivuta kidogo tu matundu yake yanafunguka kama wavu. Hilo nalijua tangu nilipokuwa najifunza kazi. Ningemkemea mwanafunzi wangu yeyote kwa kosa kama hilo. Lakini wiki ile mikono ilikuwa mbele ya akili, nikakata fulana, safu moja moja, kipimo kimoja kwa watu wote, lastiki huku na huku, nikazijaza mfukoni na kuzigawa nyumba kwa nyumba. Nilirudi nyumbani nimejaa fahari, Mungu anisamehe.

Baada ya siku kumi hivi nikatoka kwenda kuangalia zinavyovaliwa. Ushauri wangu kwa yeyote anayegawa kitu alichokitengeneza kwa mikono yake ni kwamba arudi akaangalie, ingawa si jambo la kufurahisha. Kijana wa jirani alikuwa ameishusha chini ya pua, na nilipomuuliza akasema ikipanda inamziba pumzi, ikishuka inamwacha. Nilipoitazama vizuri nikaona kosa si lake. Pua yake ndefu, barakoa yangu fupi. Akizungumza tu, kidevu kinaivuta chini. Mama mmoja mzee alikuwa ameikunja vizuri akaiweka kwenye sanduku pamoja na vitu vyake vya thamani. Lastiki ilimkata masikio, lakini hakutaka kunivunja moyo kwa kuitupa. Na baba mkwe wangu, anayevaa kifaa cha kusaidia kusikia, alikuwa amekipoteza njiani. Kila alipovua barakoa, lastiki ilikamata kile kifaa nyuma ya sikio, na siku moja kikaruka asijue. Tulikitafuta majanini hadi giza likaingia. Tulikipata, alhamdulillah, lakini tangu siku hiyo sikuishona tena lastiki kwenye barakoa ya mtu mzima.

Kwa hiyo ndugu yangu aliyeandika barua, barakoa ile uliyoiona ikining'inia kidevuni mwa mtu, safu moja ya fulana iliyonyooka kwa kuvutwa, ninakubali: ilikuwa pambo. Pengine ilikuwa yangu.

Lakini barua yako inakoma hapo, na mimi ndipo kazi yangu ilipoanza.

Tarehe 3 Aprili 2020 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilibadili msimamo wake na kuwashauri watu wajifunike pua na mdomo kwa kitambaa. Ilitoa pia maelezo ya kushona: vipande viwili vya pamba iliyofumwa vizuri, sentimita 25 kwa 15 hivi, na lastiki pembeni. Nikaanza upya kwa kufuata hayo, isipokuwa lastiki. Halafu tarehe 5 Juni 2020 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo ulioeleza safu tatu, kila moja na kazi yake. Ya ndani, inayogusa mdomo, iwe pamba inayonyonya unyevu. Ya nje iwe poliesta au mchanganyiko wake, kitu kisichonyonya, ili chafya ya mtu mwingine isipenye. Ya katikati iwe polipropilini isiyofumwa, ile inayotengenezewa mifuko laini ya kubebea bidhaa, iwe kichujio. Kwa fundi maelezo hayo ni kama koti: bitana, kitambaa cha kati na kitambaa cha juu. Niliposoma nilijipiga paji la uso. Tumekuwa tukishona makoti kwa akili hiyo miaka yote.

Ile safu ya kati ilinigharimu pasi moja. Polipropilini ni plastiki, na pasi ya joto la pamba huiyeyusha mara moja. Ilinigandia kwenye pasi kama ulimbo, nyumba nzima ikanuka. Baada ya hapo nikawa napiga pasi pamba kwanza, nakunja pindo zote, ndipo naingiza safu ya kati mwishoni kabisa, na sipigi tena pasi juu yake.

Pamba nayo nilijifunza kuichemsha kabla ya kuikata. Kundi moja la barakoa zipatazo arobaini, nzuri kweli, watu walizichemsha kama nilivyowaagiza, zikanywea zikawa za watoto. Makosa ya aina hiyo hayaandikwi kwenye maelezo ya kushona. Yanaandikwa kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Niruhusu nieleze kidogo jinsi nilivyoishona ile iliyonipendeza, kwa sababu hapa ndipo penye hoja yangu. Kipande cha pamba ya shuka, kile kitambaa ambacho ukikielekeza kwenye mwanga wa dirisha huoni vitundu vya nuru. Nakata sentimita 23 kwa 18. Marinda matatu, yote yakielekea chini mtu akiivaa, yasiwe vimfuko vya kukusanya jasho na vumbi. Kila rinda linameza sentimita mbili na nusu hivi, kwa hiyo, ukitoa na upindo, pembeni inabaki kama tisa, lakini katikati inafunguka mpaka chini ya kidevu hata mtu akipiga miayo. Juu, ndani ya upindo, naingiza kiwaya, vile viwaya vya kufungia mifuko, viwili nikivisokota pamoja na kuzipinda ncha zake zisitoboe. Hicho mtu anakibonyeza kwenye daraja la pua. Miwani haipati ukungu tena, na ukungu ukiisha ujue hewa haitoroki juu. Kamba ni nne za kufunga kwa nyuma, mbili juu ya masikio, mbili shingoni.

Kamba zenyewe zilikuwa kisa. Lastiki iliisha kila mahali mwaka ule, kwa kuwa kila mwenye cherehani duniani alikuwa akitafuta kitu kimoja. Hapo ndipo fulana zilipopata heshima yao. Ukikata fulana kwa upana vipande vya sentimita mbili, kisha ukavivuta, vinajikunja vyenyewe vikawa kamba laini ya mviringo isiyokata ngozi. Kwa hiyo fulana haifai mdomoni, inafaa kisogoni.

Ndani niliweka pamba nyeupe, nje rangi yoyote nyingine. Si urembo. Mtu akivua barakoa ale au anywe, akishaiweka chini hajui tena upande upi ulikuwa kwake na upi ulikuwa kwa watu. Rangi inamwambia. Na wakati wa kupiga bandi sikutumia pini katikati ya uso, kila tundu la pini ni mlango. Nilishika kwa vibanio vya nguo. Mume wangu alisema nimekuwa kichaa. Huenda. Kwa namna hiyo moja ilinichukua dakika 25, wakati zile mbovu nilizimaliza kwa dakika sita.

Kisha nikatengeneza vipimo vitatu, na kimoja cha peke yake. Mwanafunzi wangu mmoja wa ushonaji ni kiziwi, anasoma midomo. Tulipovaa barakoa sote karakana ikawa kimya kwake kabisa; alikaa siku mbili akinitazama macho tu, nisijue ana nini, hadi aliponishika mkono akanionyesha mdomo wake na wangu. Nikakata dirisha katikati ya barakoa, nikashonea plastiki angavu. Ilipata ukungu baada ya sentensi mbili. Tukapaka sabuni kidogo kwa ndani na kuifuta ikikauka, kama wavaa miwani wanavyofanya, ikatulia. Niliishona hiyo kwa ajili yangu mimi niivae, si kwa ajili yake. Wengi waliotaka kusaidia walimpelekea yeye barakoa ya dirisha, wakasahau kwamba mdomo anaohitaji kuuona ni wa anayesema naye.

Watoto wadogo niliwaacha. Mwezi Agosti mwaka uleule Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri kwamba wenye umri wa miaka mitano kushuka chini wasilazimishwe, nami nilishaona mjukuu wangu alivyoigeuza kuwa kombeo.

Sasa nije kwenye sayansi, maana msomaji mwenzangu aliitaja. Alitaja utafiti wa Hanoi nchini Vietnam, uliochapishwa mwaka 2015, ambapo katika hospitali 14 wahudumu wa afya 1,607 walifuatiliwa na ikaonekana waliovaa barakoa za kitambaa waliugua zaidi kuliko waliovaa za hospitali. Ni kweli. Lakini watafiti haohao walirudi kwenye takwimu zao mwaka 2020 wakauliza swali ambalo mama yeyote wa nyumbani angeliuliza kwanza: nani alizifua? Waliojifulia wenyewe kwa mkono ndio walioambukizwa zaidi. Wale ambao barakoa zao zilifuliwa kwenye dobi la hospitali hawakutofautiana kwa maana yoyote na waliovaa za hospitali. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka vile vikaratasi vyangu.

Kwa kila barakoa nilifunga kikaratasi kwa uzi. Fua kila siku kwa sabuni na maji ya moto. Kama maji ya moto hayapatikani, fua kwa sabuni kisha chemsha dakika moja, au loweka dakika moja kwenye maji yenye klorini ya asilimia 0.1 na usuuze vizuri. Ikilowa, vua. Usimwazime mtu. Nilitoa mbili kwa kila mtu, siyo moja, kwa sababu mwenye moja hafui. Ataivaa ingali mbichi au ataivaa chafu. Afadhali kumi wapate mbili mbili kuliko ishirini wapate moja moja. Hili nililigombania na wenzangu tuliokuwa tukishona pamoja, nikashindwa, nikaendelea kivyangu.

Na kwa haki nimwongezee mpinzani wangu hoja ambayo hakuitaja. Bangladesh, katika vijiji 600 vyenye watu zaidi ya 340,000, watafiti waligawa barakoa na kuhimiza watu wazivae. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Barakoa za hospitali zilipunguza ugonjwa wenye dalili uliothibitishwa kwa kipimo cha damu kwa kiasi cha asilimia 11. Za kitambaa, takwimu hazikuweza kusema kwa uhakika. Januari 2022 CDC nayo ikasema wazi kwamba kitambaa kilichofumwa kwa kulegea ndicho kinacholinda kidogo kuliko vyote, kikifuatwa na kitambaa chenye safu kadhaa kilichofumwa vizuri, kisha barakoa za hospitali zinazokaa vema, na juu kabisa zile za N95, barakoa nzito za kuchuja hewa zinazobana uso pande zote. Kwa hiyo sidai kwamba cherehani yangu ilikuwa kiwanda cha dawa. Zilipoanza kupatikana za hospitali kwa wingi niliwaambia wateja wangu wazichukue hizo. Za kwangu zilikuwa za watu wasiokuwa na kitu, katika miezi ambayo hakukuwa na kitu.

Kinachonisumbua usingizi ni kingine. Haya yote yalikwishajulikana! Mwaka 1910 na 1911, tauni ya mapafu ilipoua watu Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang katika Malaysia ya leo, aliwavalisha watu barakoa za shashi zilizojazwa pamba, zikifungwa kwa nyuma kwa kamba. Kwa nyuma, kwa kamba. Daktari mwenzake Mfaransa, Mesny, alikataa kuvaa, akaingia kwa wagonjwa, akafa siku chache baadaye. Mwaka 1918, homa ya mafua ilipoenea duniani, wanawake wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu huko Marekani walikaa kwenye meza ndefu wakishona barakoa za shashi kwa maelfu. Mwaka 1920 ukachapishwa uchunguzi wa mtaalamu wa afya Kellogg na mwenzake huko California: shashi ikiwa nyepesi haichuji, na ikiwekwa safu nyingi hadi ichuje, pumzi inakuwa nzito na hewa inapita pembeni. Pembeni! Miaka mia kamili kabla ya yule kijana wa jirani kushusha barakoa yangu chini ya pua, mtu alikwishaandika tatizo liko wapi. Nasi tukaanza na fulana.

Ndiyo maana sifa tulizopewa zilinikera kuliko lawama za sasa. Tulisifiwa kwa idadi. Ofisi moja ilichukua kwetu barakoa 200, wakapigwa picha wakizipokea, na miezi kadhaa baadaye nilizikuta stoo katika mfuko uleule, fundo nililolifunga mimi halijaguswa. Hakuna aliyeniuliza zinakaaje usoni. Niliulizwa "ngapi?" na kila mtu, hata na gazeti.

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Wengi walitupa barakoa siku hiyo, na sawa. Lakini walitupa pia karatasi za kukatia, na vipimo, na yale waliyojifunza kwa kuunguza pasi. Nimewauliza mafundi saba ninaowafahamu kama wamehifadhi chochote. Mmoja tu anacho, naye amekitumia upande wa pili kuandikia deni la mteja.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Pamoja na barua hii nimeambatanisha karatasi tatu za kukatia, kubwa, ya kati na ndogo, zenye alama za marinda na mahali pa kiwaya. Zichapishe kwa ukubwa wake halisi, bila kuzipunguza zienee kwenye safu. Ikibidi toa nusu ukurasa wa matangazo siku moja. Msomaji azikate kwa mkasi, abandike kwenye kadibodi, aziweke nyuma ya mlango wa kabati. Mistari ya alama niliyoichora kwa chaki imefifia kidogo kwenye ile ya kati, mwambie mchoraji wako aifuate kwa wino.

Na yule msomaji mwenzangu, kama atapenda, apime kwa futi ya nguo kuanzia daraja la pua hadi chini ya kidevu huku akiwa amefungua mdomo, kisha kutoka sikio hadi sikio kupitia puani. Alete vipimo gazetini, mtanifikishia. Pamba nyeupe ya bitana ninayo bado, imekwishachemshwa.

Ni mimi,
Fundi cherehani, msomaji wenu wa siku nyingi